Mwaka Lambo Lilipokosa Hewa

Mama Robhi alinifungia perege wa kukaanga na bonge la ugali wa mtama kwenye kontena la plastiki, akalizungushia kitenge, akakaza fundo kwa meno. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, lakini fundo lake bado halifunguki hovyo. "Ukifika Kewanja," aliniambia, "usiweke chini. Usiweke kwenye uzio, usimwage. Mpe mkewe mkononi, watu wakiona." Nikasema nimeelewa. Akasema, "Umeelewa nini?" Nikarudia kama mtoto wa chekechea: mkononi, watu wakiona. Masalu alikuwa amefariki huko Kewanja kwa kile kifua chake, na mimi ndiye niliyetumwa kumzika kwa niaba ya nyumba yetu, nyumba ambayo iliwahi kukatazwa hata kumjibu salamu. Njia nzima nilikaa na lile kontena mapajani likinipasha joto, na mwaka ule ukanirudia wote, na harufu yake.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo ndugu zangu kule Nyarero waliyazungumza kwa sauti ya msibani. Nikatumwa kitongoji kimoja upande wa Machochwe, karibu na mpaka wa hifadhi ya Serengeti, kumsaidia Mama Robhi hotelini. Tuliita hoteli, lakini ilikuwa chumba kimoja cha bati, meza mbili, mabenchi, na jiko la mafiga nyuma. Mimi sikuhuzunika hata kidogo. Kila nilipokuwa nasugua sufuria nilikuwa najenga hoteli yangu mwenyewe kichwani, ghorofa kabisa, pale Mugumu mjini, yenye lifti. Sikuwahi kupanda lifti, nilikuwa nimesimuliwa tu. Masalu alikuwa anakuja asubuhi kunywa chai, ananiuliza, "Ghati, leo tumefika ghorofa ya ngapi?" Nikimwambia tumekwama, saruji imeisha, anatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli kweli. Alikuwa na kikombe chake, cha bati, cha bluu, kimebanduka rangi mdomoni. Mama Robhi alikitenga kwa sababu Masalu alikuwa anakohoa, na Masalu mwenyewe alikuwa anakisifia, eti yeye ndiye mteja pekee mwenye chombo cha kifalme.

Masalu alikuwa Msukuma. Alikuja mkoa wetu kutafuta dhahabu, akachimba na kuosha mchanga huko Kewanja mpaka vumbi la mashimo likamkaa kifuani, akaacha. Kitongoji chetu kilimpa kazi ya kulinda lambo. Lambo lenyewe lilichimbwa na wanaume wa pale kwa ajili ya ng'ombe, tuta lake refu likionekana toka mlangoni kwetu, na Masalu akajenga kijumba cha udongo pembeni mwa tuta, upande wa pili wa uzio wetu wa miti. Yeye ndiye aliyeleta vifaranga vya perege kwenye ndoo na kuwamwaga mle. Watu walicheka. "Msukuma analisha maji," walisema. Lakini perege walipokua, kicheko kikahamia kwenye sahani. Jumamosi hoteli ilijaa mpaka wengine wanakula wamesimama, na Mama Robhi, ambaye hasifu mtu, alisema mbele yangu, "Huyu mtu wa kuja ana faida kuliko wa kuzaliwa."

Mwaka ule mvua zilikatika mapema. Malisho yakaisha, na upande wa hifadhi huwezi kuingiza mifugo ukabaki na amani, kwa hiyo makundi ya vijiji vingine yote yakasukumwa kwenye lambo letu. Ng'ombe walikuwa wanaingia majini mpaka tumboni, wanasimama mle mchana mzima wakipoza miguu, wanakunywa, wanakojoa, wananya. Hakuna aliyeona ubaya. Na hapa lazima nieleze kitu ambacho mgeni haelewi: kwetu kinyesi cha ng'ombe si uchafu. Tunakandikia nyumba. Tunasiriba sakafu kwa mkono mtupu, halafu tunaketi juu yake na kula. Mtoto akijikata, kuna bibi atakayempaka. Ukimwambia mtu wa kwetu kwamba kinyesi cha ng'ombe kimeharibu kitu, ni kama umemwambia mama yake ananuka.

Wakati huo ndipo alipokuja Neema. Alikuwa mwanafunzi wa chuo, anasomea maji, akapangishwa stoo iliyopakana na chumba changu. Ukuta wa katikati haukufika kwenye bati, kwa hiyo nilisikia kila kitu: akisali, akigombana na mchumba wake kwenye simu, akihesabu chupa zake za maji. Alikuwa na kidude kama tochi kilichofungwa kwenye waya mrefu, na Masalu alimtengenezea chelezo cha madumu. Wakaenda katikati ya lambo, Neema anateremsha waya taratibu, Masalu anapiga kasia la ubao. Kutoka kwenye tuta watu waliwaangalia. Kidude kile kilikuwa kinapima hewa iliyomo majini, ile ambayo samaki wanapumua. Lakini kutoka kwenye tuta ulichokiona ni mtu mmoja aliyewahi kuosha dhahabu kwa zebaki na mwanamke mgeni, wanaingiza kitu kwenye maji.

Siku moja, wakinywa chai, nilimuuliza Neema anaona nini huko chini. Alikuwa na tabia ya kueleza kwa vitu vilivyopo mezani. Akachukua glasi ya chai ya rangi ambayo majani yalikuwa yametuama.

"Huku juu pana hewa, ndio maana samaki wako huku. Chini hamna kabisa. Samadi inaoza pale, na kuoza nako kunakula hewa. Sasa tope la chini lina chuma, kama kutu hivi. Hewa ikiwepo, ile kutu inashika mbolea ya samadi, inaifungia. Hewa ikiisha, kutu inayeyuka. Kila ilichokuwa imeshika inakiachia."

"Kwa hiyo tope nalo likibanwa pumzi linatapika," alisema Masalu.

"Hivyo hivyo."

"Basi tope ni binadamu." Akakohoa, akacheka, akakohoa tena. "Na ya chini yakija kupanda juu?"

Neema alikoroga glasi kwa kijiko mara moja tu. Yale majani yakapanda, chai yote ikawa giza. Mama Robhi akapita akasema, "Hiyo chai utailipa, hata kama umeifanya somo."

Usiku kupitia ule ukuta nilimsikia akimwambia mwalimu wake kwenye simu kwamba upepo wa baridi ukiligeuza lambo, samaki hawaponi, na baada ya hapo mwani utalipuka. Asubuhi akamwambia Masalu ng'ombe wasiingie majini, wachotewe. Mabirika ya kunyweshea yalikuwepo nje ya tuta, yamepasuka, hakuna aliyeyajali. Masalu akayaziba kwa udongo wa kichuguu, akasimama kwenye tuta na fimbo. Wa kwanza kufika alikuwa Marwa, na ng'ombe wa baba yake, Mzee Nyamhanga. Tulisikia yote kutoka jikoni.

"Tata, naomba tuwachotee," Masalu alisema, akimpa heshima ya baba. "Mimi nitachota, wewe kaa."

"Mura, umelewa?" Marwa alijibu, akimwita kijana.

"Sijalewa. Maji yanaumwa."

"Maji yanaumwa." Marwa akawageukia wenzake. "Mmemsikia daktari wa maji? Lambo hili alichimba baba yangu. Wewe ulipokuwa shimoni unatafuta utajiri, baba yangu alikuwa anabeba udongo hapa kwa karai. Leo unawakataza ng'ombe wake?"

Wakaingia. Masalu akabaki na fimbo yake mkononi kama mtu aliyesahau alikuwa anaenda wapi. Nimelifikiria sana neno lile, kuwakataza ng'ombe. Baadaye lilirudi likiwa limevaa nguo nyingine.

Mvua ya kwanza ilikuja na upepo mkali wa alasiri na baridi ya ghafla, ile ya kutafuta sweta. Kulipopambazuka kulikuwa na harufu ya mayai viza mpaka ndani ya blanketi. Nilitoka na ndoo. Lambo lilikuwa limegeuka rangi ya chai ile ya Neema, na perege walikuwa wamekuja juu wote, midomo nje, wanafungua na kufunga, wanafungua na kufunga, maelfu ya midomo midogo isiyo na sauti. Sijawahi kuona kitu kinachoomba vile. Jua lilipopanda walikuwa wamelala ubavu, weupe, ukingo mzima. Kambale peke yao hawakufa, kwa sababu kambale anajua kupanda juu na kumeza hewa ya kwetu, lakini hilo nalo watu walilishangaa: sumu gani hii inayochagua? Masalu alikuwa ndani ya maji mpaka mapajani, anawasukuma wale waliokuwa bado wanahema kuelekea pale mfereji wa mvua ulipokuwa unaingiza maji mapya. Anawasukuma kwa viganja, mmoja mmoja, anaongea nao Kisukuma. Mama Robhi alisimama karibu yangu akasema, "Mwache. Usimwite." Siku ile hoteli ilipika maharage.

Wiki zilizofuata jua lilirudi na maji yakatulia, na lambo likawa kijani. Si kijani cha majani. Ni kijani cha rangi ya mlango, kama mtu amemwaga kopo, utando mzito unaosogea na upepo na kujikusanya upande ambao ng'ombe wananyweshwa. Neema alichota kwenye chupa, akaacha kula. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba watu wasinyweshe upande ule, kwamba ule mwani una sumu, kwamba atapeleka chupa maabara Mwanza kuthibitisha. Wanawake walimsikiliza kwa heshima, wakamkaribisha uji. Wanaume walimuuliza ameolewa na nani. Na kisha ng'ombe wa Mzee Nyamhanga wakaanza kuanguka, miguu inatetemeka, povu mdomoni, hawafiki hata zizini. Katika wale waliokufa alikuwemo jike mmoja mweupe ambaye yule mzee alikuwa amempa jina la marehemu mama yake. Sitaki mtu amfikirie vibaya Mzee Nyamhanga. Nilimwona ameketi chini kando ya yule ng'ombe, amemfunika kichwa kwa koti lake mwenyewe, anamfukuzia nzi. Mtu aliyefiwa anatafuta mlango wa kutokea, na mlango uliokuwa wazi ulikuwa Masalu.

Wakaita ritongo. Hilo ndilo baraza letu la jadi, wanaume wa kijiji wanakaa chini kwa rika, na wanachokata kimekatwa. Mwanamke haingii. Tulikaa kwenye uzio wetu, mimi, Mama Robhi na Neema, umbali wa kusikia. Wanaume walikuwa kwenye tuta, lambo limewaka kijani mgongoni mwao. Mzee Nyamhanga hakupaza sauti.

"Sisemi ameua," alisema. "Nasema ninachokijua. Aliwakataza ng'ombe maji. Hawakumsikia. Sasa ng'ombe wamekufa kwa maji. Aliwahi kushika zebaki, na yeye mwenyewe alitusimulia. Mimi ni mzee, sitaki damu ya mtu. Anywe tu. Kama hakuweka kitu, maji ni maji."

Sauti ya kukubali ikapita, nzito, kama ng'ombe wanaohema pamoja. Ndivyo viapo vyetu vilivyo: unakunywa, unakula, unaruka kitu, na kama umesema uongo, kile kitu kinakutafuta. Marwa akashuka mpaka jikoni kwetu kutafuta chombo. Kilichokuwa karibu, kimeoshwa na kugeuzwa kwenye kichanja, kilikuwa kile kikombe cha bluu.

Masalu alikipokea kikombe, akakitambua, na nilimwona anatabasamu. Naapa alitabasamu. Alikuwa mtu asiye na hatia, na kwa mtu asiye na hatia lile lilikuwa jambo jepesi kabisa. Akainama ukingoni, akachota.

"Usinywe," Neema alisema. Halafu akasema kwa sauti ambayo hata ng'ambo ya lambo waliisikia: "Kaka Masalu, usinywe. Yana sumu."

Mzee Nyamhanga aligeuka polepole, akatuangalia kule kwenye uzio, bila hasira, karibu kwa shukrani.

"Mmesikia kwa masikio yenu," aliwaambia wenzake. "Mwenzake mwenyewe anasema yana sumu."

"Sumu imetoka kwenye mwani," Neema alilia. "Mwani umetoka kwenye tope. Tope limekosa hewa, limeachia mbolea. Ni samadi, baba zangu. Ni samadi ya ng'ombe wenyewe."

Kuna mtu alicheka, kisha akaacha. Marwa akasema, "Anasema ng'ombe wetu wamejiua." Na hapo nilijua imekwisha, kwa sababu hakukuwa na njia yoyote ya kulisema lile neno katika lugha yetu likawa kitu kingine zaidi ya tusi. Masalu alikuwa bado ameshika kikombe. Alimwangalia Neema, akaangalia kile kijani, akaangalia Neema tena. Kisha akamwaga maji chini ya miguu yake, taratibu, kama anayemwagilia mche.

"Nimekatazwa na anayejua," alisema. "Nikinywa nitakuwa nimemwita mwongo."

Wakamtenga. Hawakumpiga, hawakumchomea kijumba. Kutengwa ni kitu baridi: hakuna atakayekusalimia, hakuna atakayekuuzia, hakuna atakayekupa moto wala chumvi, na anayekupa anakufuata hukohuko ulikotengwa. Na waliacha mlango: siku yoyote akikubali kunywa, basi. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Kila asubuhi nilikuwa natoka kwanza kuangalia kama amesimama ukingoni. Neema kabla hajaondoka na chupa zake kwenda Mwanza alipita kando ya kijumba akamwapisha huku mimi nikisikia: "Niahidi. Nitarudi na karatasi, utasafishwa. Usinywe." Masalu akasema, "Dada, mimi nimeshazoea kukaa na kiu."

Siku ya kwanza ya kutengwa, Mama Robhi alipakua ugali na mboga kwenye sufuria ndogo, akaenda nayo kwenye uzio, akaiweka juu ya jiwe, akarudi.

"Mama, hiyo ya nani?"

"Ya mbwa."

"Mbwa yupi?"

"Mbwa wangu. Umemtafuta ukamkosa?"

Hatukuwa na mbwa. Hatukuwahi kuwa na mbwa, Mama Robhi anawachukia. Kisha akachota makaa mekundu kwenye kigae, akaenda kuyamwaga palepale. "Namwaga majivu," alisema kwa sauti, akiiambia hewa. Mkono wa Masalu ukatoka upande wa pili na kipande cha bati. Ikawa hivyo kila siku. Sufuria ilirudi juu ya jiwe ikiwa imesuguliwa kwa mchanga mpaka inang'aa kuliko nilivyowahi kuing'arisha mimi, na Mama Robhi alinionyesha kama mfano. Na kwa kuwa kumsalimia kumekatazwa lakini hakuna aliyekataza kuongea na mbwa, jioni jioni wakawa wanapiga soga.

"Mbwa," Masalu anasema kutoka ng'ambo, akimpa Mama Robhi jina la mama kwa Kisukuma, "mwambie mayu leo mlenda ulizidi chumvi."

"Mbwa, mwambie huyo anayenung'unika kwamba kwao hawana hata mlenda."

"Mbwa, muulize Ghati tumefika ghorofa ya ngapi."

"Mbwa," nilisema, nikicheka, "mwambie tumeshapaua. Tunatafuta mlinzi wa getini."

"Mwambie mshahara uwe mzuri. Nina uzoefu wa kufukuzwa."

Nilikuwa mtoto kiasi cha kudhani vile vichekesho vingetubeba mpaka Neema arudi. Leo nikiwa na umri wa kukaribia ule wa Masalu wakati ule, najua alikuwa anavitumia kama yale makaa, kupata moto wa siku moja. Usiku sikio langu lilimsikia ng'ambo ya uzio akikohoa, na wakati mwingine lilisikia hakohoi, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Marwa aliona. Alikuja mchana, hoteli haina mtu, akaketi, akaomba maji ya kunywa kwa adabu, kwa sababu Mama Robhi ni shangazi wa mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

"Mama, wewe una mbwa?"

"Ninaye."

"Anaitwaje?"

Mama Robhi alifuta meza iliyokuwa safi. "Anaitwa Marwa," alisema.

Kijana hakucheka. Alisema kwamba wazee wameanza kuuliza, na wakikaa tena, hoteli itatengwa nayo, hakuna atakayekula hapo, na yeye hataweza kuzuia. Hakuwa anatisha. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa anabembeleza. Akanywa maji yake yote, akashukuru, akaondoka, na tulijua kwamba ule uzio wa miti hauzuii sauti. Jioni ile tuliweka sufuria kama kawaida. Masalu akasema kutoka ng'ambo, polepole, "Mbwa. Mwambie mama yako nimeshiba."

Nilitaka kusema neno, Mama Robhi akanishika mkono. Asubuhi kijumba kilikuwa wazi. Sufuria ilikuwa juu ya jiwe, imesuguliwa, imegeuzwa, na juu yake kipande kile cha bati cha kubebea makaa, nacho kimesuguliwa.

Neema alirudi na karatasi yake. Ilikuwa na muhuri na ilisema alichokuwa ameshasema. Alisimama na mimi kwenye jiwe lile, akaniuliza Masalu yuko wapi, Mama Robhi akamwambia ameondoka, inasemekana amerudi Kewanja. Kamati ya lambo ilipokea ile karatasi, wakaisoma kwa siku nyingi, na katika miaka iliyofuata wakafanya yote: wakazungushia uzio, wakajenga mabirika mapya, wakati wa kiangazi kikali wakazoa tope la chini kwa makarai. Mzee Nyamhanga, kabla hajafa, alibeba karai mwenyewe. Maji yakarudi kuwa maji. Kuna mtu akaleta vifaranga. Lakini ritongo halikukaa tena kuhusu Masalu. Adhabu yake haikuondolewa na mtu yeyote. Waliisahau tu, na iliyosahauliwa bado ipo, kama lile tope, inangoja siku isiyo na hewa. Juzi nilipompigia Neema kumpa habari ya msiba, aliuliza, "Ghati, ilinipasa kunyamaza?" Nikamwambia angenyamaza, Masalu angekunywa. Akasema, "Najua. Lakini ilinipasa kunyamaza?"

Kewanja tulimzika mchana, kwenye udongo mwekundu wenye kokoto, mlima wa mawe ya mgodi ukiwa nyuma yetu kama kijiji kingine kisicho na watu. Wachimbaji wenzake walikuwa wengi, watu wa kila mkoa. Nilipoulizia mjane nikaonyeshwa mwanamke mwembamba aliyeketi mkekani na msichana mdogo amemlalia. Nilimsalimia, nikasema nimetoka upande wa Machochwe, na nikaona mgongo wake unakakamaa. Nikasema jina langu.

"Ghati wa ghorofa?" aliuliza.

Nikasema ndiyo. Sikuweza kusema kwamba ghorofa haipo, kwamba bado nina meza mbili zilezile na Mama Robhi asiyeona vizuri. Yule msichana aliinua kichwa.

"Wewe ndiye unakaa na mbwa wetu?"

"Baba yake alikuwa akimaliza kula anasema, mbwa, mwambie mama yako nimeshiba," mjane alisema. "Kila siku, mpaka alipokuwa hali tena. Huyu anajua tuna mbwa huko Serengeti."

Nilifungua fundo la Mama Robhi kwa meno, halikufunguka kwa vidole. Watu walikuwa wanatuangalia. Nilipiga magoti, nikashika kontena kwa mikono miwili, nikanyoosha mpaka mikono yake ikanigusa. Nikamwambia ni perege wa lambo la Masalu, na kwamba Mama Robhi amesema nisiweke chini. Alikaa nalo kidogo, analitazama. Kisha akamegea mtoto, akamega yeye, akanipa na mimi kipande mkononi, tukala pamoja, watu wakiona. Alilirudisha kontena likiwa limeoshwa.

"Mwambie Mama Robhi tumeshiba," alisema.

Nilifika nyumbani giza linaingia. Mama Robhi alikuwa ameketi kando ya mafiga, uso ameuelekeza mlangoni, akanijua kwa hatua zangu. Nikampa kontena, akalipapasa ndani kwa vidole, kote, mpaka pembeni.

"Wamesemaje?"

"Wamesema wameshiba."

"Wamemwambia nani?"

"Wamekwambia wewe, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akageukia moto, akaanza kuyafukia makaa kwenye majivu, ili yafike asubuhi.